Korpasi au redio: Kiingereza cha wenyewe utakipata wapi?

Sisi hunywa dawa, hata ya vidonge. Mwingereza husema "take medicine". Kanuni za sarufi hazikufundishi hilo. Utalipata kwa kufuata wenye lugha wanavyosema: ama kwenye korpasi, yaani hazina ya matini halisi unayoipekua kwa kompyuta, ama redioni.

Kwa uhakika, korpasi inaongoza. British National Corpus, korpasi ya Kiingereza cha Uingereza, ina maneno takriban milioni 100. Tafuta "heavy rain", kisha "big rain", ulinganishe idadi. Shaka inaisha papo hapo. Mimi huithamini zaidi kwa vihusishi, maana hapo ndipo wengi wetu hukwama: tunaandika "discuss about", badala ya "discuss" tu, kwa kuwa kwetu tunajadili kuhusu jambo. Ila matini yake ni ya mwishoni mwa karne ya 20, na takriban asilimia 90 ni maandishi. Lugha ya vijana wa leo usiitafute humo.

Redio haijibu swali uliloliuliza. Inakupa usichojua kukiuliza: mkazo, mahali pa kutua katika sentensi, namna ya kukataa ombi bila kumuudhi mtu. Na ni rahisi, betri tu zinatosha. Korpasi inadai bando. Lakini redio inataka usikilize kila siku, miezi kadhaa, ndipo sikio lizoee.

Ukiwa na tasnifu au barua ya kazi mezani, fungua korpasi. Ukiwa unaongoza watalii Zanzibar, au una usaili wa ana kwa ana, anza na redio, na urudie kwa sauti unachosikia.