"Hapa si hospitali, dada": masaji iliyoniacha na mavilio mguuni

Mabega walinichua vizuri, hilo siwanyimi. Shingo iliyokuwa imekaza tangu mfungo ililegea mpaka nikaanza kusinzia. Kisha yule binti akashuka miguuni, na hapo ndipo kisa chenyewe.

Mwaka jana damu iliganda kwenye mshipa wa mguu wangu wa kushoto. Nililazwa, nikaanzishiwa warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, na mpaka leo naimeza kila jioni. Mtu wa dawa hiyo akijigonga kidogo tu anavilia damu, sembuse kukandamizwa kwa kiwiko. Na mguu wenye donge la damu haukandwi kabisa: donge likichomoka linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu, na hilo linaua. Wala haya si mambo ya udaktari bingwa. Aliyesomea kuchua anatakiwa aulize kwanza presha, ujauzito, mishipa na dawa, ndipo aushike mwili wa mtu.

Mimi mapokezi niliulizwa kama nalipa kwa simu au taslimu. Basi.

Ikabidi niseme mwenyewe, nimelala kifudifudi: "Mdogo wangu, mguu huo usiuguse, damu iliwahi kuganda humo na bado niko kwenye dawa." Akacheka. Wallahi akacheka. "Hapa si hospitali, dada. Damu ikiganda si ndiyo inatakiwa ichuliwe iachie?" Na kiwiko kikatua juu ya kigimbi.

Niliruka na shuka lao hilohilo, nikataka msimamizi aitwe. Akaja anachati, usoni haniangalii. Eti wateja wao wote wanaridhika, labda mimi nina mwili mwepesi. Mwili mwepesi! Nikamuuliza binti huyu amesomea wapi. Akaninyooshea kidole ukutani, kwenye cheti chenye fremu ya dhahabu. Wengi wanaishia hapo, wakiona fremu wanatulia. Mimi nilisogea nikakisoma. Kilikuwa cha urembo: kucha, meikapu, usafi wa uso. Kuchua misuli hakukutajwa popote, na hela yangu walikuwa wameshaipokea.

Kesho yake kigimbi kilikuwa na mavilio ya rangi ya zambarau, moja kubwa kama kifuniko cha chupa ya maji. Nikaenda kupigwa ultrasaundi. Alhamdulillahi, hakuna donge jipya. Gharama nimejilipia.

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota tatu. Pahala ni pasafi, taulo zinanukia, mafuta yao ya karafuu ni ya kweli, na kwa kijana mzima anayetaka kupumzika tu baada ya wiki ya kazi, pengine panamfaa. Pengine. Ila huyo kijana naye akiwa na presha asiyoijua, au binti akiwa na mimba changa, nani atamuuliza? Nyota mbili.

Siku hizi nachuliwa na mama mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, mwenye stashahada yake ya miaka 3 kutoka hospitali ya KCMC, Moshi. Kwake hakuna muziki wala mishumaa. Kuna feni inayopiga kelele na kitanda kigumu. Siku ya kwanza aliniuliza maswali mpaka nikaboreka, akataka aone kadi ya kliniki, akaupapasa mguu kwa vidole viwili akiangalia uvimbe. "Huu tunauacha, mwanangu, mpaka daktari wako aniandikie." Akaishia mgongoni. Bei haipishani sana na ya kule kwenye mishumaa. Kusema kweli, mabega hamfikii yule binti hata nusu, na hilo linaniudhi zaidi, maana mkono anao. Angefundishwa kuuliza tu.

Nikawa nafikiria kuirudisha ile nyota ya tatu kwa ajili ya mkono wake. Jana msimamizi akanitumia ujumbe: nisiwaandike vibaya, watanipa masaji ya bure ya mwili mzima.

Mwili mzima, na mguu ndani yake! Nyota moja.