Tangi la kioo la fundi wa Ngamiani: miezi saba na samaki wa dhahabu

Tangu nilipoweka picha ya Chungwa, samaki wangu wa dhahabu, watu wananiuliza mambo mawili tu: tangi nimelitoa wapi, na bei gani. Nimelitengenezesha kwa fundi wa vioo na aluminiamu hapa Ngamiani, Tanga, mmoja wa wale wa madirisha na makabati ya duka. Urefu sentimita 80, upana 35, kimo 40, kioo cha milimita 6. Shilingi 95,000, nusu akaitaka kabla hajagusa kioo. Alisema siku tatu, zikawa tisa. Fundi ni fundi.

Lakini mambo yalianzia Dar, mwezi wa Desemba, na yalianza vibaya. Mwanangu wa darasa la tatu aliwaona samaki wa dhahabu dukani, akaganda pale, haendi mbele wala nyuma. Muuzaji akatufungia wawili, na bakuli la kioo la mviringo la lita 5 hivi, na kikopo cha chakula. Nikamuuliza kama kuna kingine kinachohitajika. "Dada, tia maji, tia samaki. Basi." Nikalipakata bakuli mpaka Tanga kama mtoto mchanga.

Siku ya tatu maji yakawa na ukungu kama tui jepesi. Siku ya tano samaki wote wawili wako juu juu, midomo nje, wanahema. Alfajiri yake mmoja ameelea.

Si kijicho, kama jirani alivyotaka kunishawishi. Samaki huyu ni mlaji, na kwa kinyesi chake na kwa matamvua yake hutoa amonia, ambayo ikizidi kwenye maji machache huyaunguza matamvua hayo hayo. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta, yaani kichujio cha maji, na kwenye mawe. Kundi moja huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, iliyo pole zaidi, na hiyo unaipunguza kwa kubadilisha maji. Kuenea kwao huchukua kama wiki 4 mpaka 6. Yule muuzaji aliniuzia kila kitu isipokuwa hizo wiki.

Aliyebaki, ndiye Chungwa, nikamhamishia kwenye ndoo ya lita 20, kila siku namwaga nusu na kujaza maji yaliyolala wazi kwenye pipa usiku na mchana, ili klorini, ile dawa ya maji ya bomba, itoke. Huku nyuma nikaenda kwa fundi.

Kazi yake naipa nne kwa tano. Maungio yamenyooka, silikoni, ile gundi ya vioo, imepita kama ilivyochorwa kwa rula. Nilimsisitizia atumie ile ya kawaida isiyo na dawa ya kuvu, maana ya bafuni ina sumu kwa samaki, na hakubisha. Alitaka nijaze maji kesho yake. Nikangoja wiki nzima mpaka ile harufu ya siki ya silikoni ikaisha. Nilipojaza, pembe moja ikatoa jasho, tone baada ya tone. Akaja mwenyewe na kiwembe, akakwangua, akapaka upya, hakudai senti. Alama moja nimeikata kwa sababu kingo za juu hakuzisugua, na kidole changu cha shahada ni shahidi.

Pimeni na meza kabla ya kununua. Lita moja ni kilo moja. Langu nikilijaza mpaka sentimita 35 ni lita 98, ongeza kioo kama kilo 18, bado mawe. Mie nililiweka dirishani lipendeze, jua la asubuhi likalipiga, wiki mbili kioo chote kijani. Kulisogeza ikabidi nilikaushe kwanza, ndoo kwa ndoo.

Filta ya ndani niliagiza Dar, 28,000. Inafanya kazi, ila inanguruma kama friji la mtumba. Sponji yake naisuuza kwenye maji yaliyotoka tangini, si ya bomba, nisije nikawaua wale bakteria kwa klorini. Kabla ya kumtia samaki niliiendesha wiki 5, kila siku natupia punje chache za chakula zioze na kuwalisha bakteria. Mavyaa wangu alinikuta siku moja nalisha maji matupu. Alinitazama, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, umelala vizuri lakini?"

Shemeji akaleta makombe na mchanga wa pwani ya Raskazone, tupambe. Nikamshukuru, nikayaweka kibarazani. Chungwa ni samaki wa maji baridi kwa maana zote mbili: hataki chumvi na hapendi joto. Na joto ndilo mtihani wa Tanga. Mwezi Machi kipimajoto kilisoma 31, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Dawa yangu ni feni ndogo ikipuliza juu ya maji, na mfuniko wa wavu badala ya kioo.

Halafu umeme ukakatika usiku wa joto, saa tatu mpaka saa nane. Filta kimya, Chungwa akapanda juu kuhema. Tukawasha tochi ya simu, mwanangu akashika upawa wa mchuzi: anachota, anainua juu, anamimina maji yapige na kuchanganyika na hewa. Akichoka napokea mie. Mavyaa akatoka chumbani na kanga yake begani, nikajua leo nasimangwa. Akavuta kigoda, akanyoosha mkono: "Lete upawa, kalaleni, mtoto ana shule."

Kesho yake nikanunua pampu ya hewa ya betri, 15,000, na hiyo naipa tano kwa tano.

Sasa kusi linavuma, maji yako 25. Kila Jumamosi nabadilisha robo. Chungwa alikuja urefu wa kidole gumba, leo amefika sentimita 11, na akimwona mavyaa anakuja mpaka kiooni. Lile bakuli la mviringo liko jikoni, natilia vitunguu.