Altezza, rimu za 17 na tairi za 225/45: uzoefu wangu barabarani Dar na uwanjani

Gari langu ni Toyota Altezza RS200, gia sita za mkono. Siku za kazi linapita Tabata, Mandela na Sam Nujoma. Wikiendi mojamoja linaingia uwanjani, maana wapo wenzangu wapenzi wa magari ambao hukodi eneo la lami lililofungwa, tunapanga koni na kuendesha kwa zamu. Nilitaka kipimo kimoja cha rimu na tairi kitakachofanya kazi zote mbili, kwa kuwa nyumbani sina pa kuweka seti ya pili. Nimetulia kwenye rimu za Enkei RPF1 za 17x7.5, ET45, nikazivalisha tairi za Bridgestone Potenza RE003 za 225/45R17; namba hizi nazieleza chini. Zimepita masika na kiangazi, kwa hiyo sasa nina la kusema.

Gari nililinunua likiwa na rimu za inchi 18 na tairi za 225/40. Kwa macho lilipendeza, sikatai. Lakini ukiishi ndani kidogo ya Tabata au Kinyerezi unajua kilichopo kati ya nyumba yako na lami: matuta yasiyo na rangi, mashimo yanayofichwa na maji, kingo za lami zilizomegeka. Tairi moja ilitoa nundu ubavuni baada ya kuingia shimoni usiku, na rimu yake ikapinda kwa ndani. Fundi aliinyoosha, lakini haikurudi sawasawa. Kwangu hapo ndipo mjadala wa 18 ulipoishia.

Wengi tunachagua tairi kwa inchi za rimu tu, wakati jambo linaloamua ni urefu wa ubavu wa tairi. Hesabu yake ni nyepesi. Kwenye 225/45R17, namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo inayokuwa ubavu. 225 mara 0.45 ni kama milimita 101. Kwenye 225/40R18 ubavu ni milimita 90. Kwenye 205/55R16 ni karibu 113. Milimita 11 zinazopungua ukipanda kutoka 17 kwenda 18 ni mpira na hewa ambavyo vingepokea kishindo cha shimo kabla hakijafika kwenye rimu. Tena kipenyo kizima cha hizo mbili kinakaribiana: 634 kwa 17, 637 kwa 18. Gari halinyanyuki, ila mpira umekatwa ukawekwa chuma.

Kipimo cha kiwandani kwa rimu za 17 za Altezza ni 215/45R17 juu ya rimu ya 7J (yaani upana wa inchi 7), ET50, matundu matano ya nati kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3. Kipenyo chake ni milimita 625. Kwa hiyo 225/45 inaongeza milimita tisa hivi, sawa na asilimia moja na nusu. Kwa hesabu ya mzingo peke yake, mshale uliosoma 100 wakati wa tairi za kiwandani sasa unamaanisha 101 na kitu. Hilo halinisumbui. Kuna anayefunga 235/45R17 kwa sababu ameipata kwa bei nzuri. Hiyo inazidi kwa karibu asilimia tatu, inapoteza nguvu ya kuondokea, na usukani ukikatwa wote inaweza kugusa. Sikushauri.

Upana wa rimu nao una mipaka. 225/45R17 inakubali rimu kuanzia 7J hadi 8.5J, na 7.5J ndiyo inayoikalia vizuri kabisa. 235/40R17 inataka 8J na kuendelea, kwa hiyo anayeibana kwenye 7J ananunua tairi pana halafu anainyima umbo lake: kashata (vipande vya mpira vinavyogusa lami) za katikati ndizo zinazofanya kazi, za pembeni zinaning'inia. Tairi ya 225 iliyokaa sawa kwenye rimu yake itakupa kona nzuri kuliko ya 235 iliyobanwa.

ET ni umbali wa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gari kinachobeba rimu. Ikishuka, rimu inatoka nje. Kutoka 7J ET50 kwenda 7.5J ET45, ukingo wa nje unatoka milimita 11, na wa ndani unaingia kidogo sana, kama milimita moja. Gari langu likibeba watu wanne na kupita tuta, halikwaruzi popote. Niliwahi kupewa 8J ET35. Hiyo inatoa ukingo wa nje karibu milimita 28, na nyuma ingebidi kukunja mdomo wa madigadi. Kwa gari la kila siku niliona ni kujitafutia kutu kwenye bodi.

Sasa rimu zenyewe. RPF1 ya kipimo hiki ina uzito wa takriban kilo saba. Zile za 18 nilizovua nilizipandisha mizani, kila moja ilizidi kilo 11. Tofauti hiyo unaihisi kwanza kwenye breki, kisha kwenye barabara mbovu: shokapu linapata mzigo mdogo wa kutuliza, tairi inarudi chini upesi, na gari halirukiruki kwenye vipande vya lami vilivyoviringika kwa malori pale Mandela. Enkei huzimimina, kisha hukandamiza na kuvuta pipa la rimu (sehemu ya mviringo inayobeba tairi) likiwa bado na joto, na ndiyo sababu zinakuwa nyembamba bila kuwa dhaifu. Zangu ni mtumba kutoka Japani. Bei sitaitaja, maana mtumba hauna bei moja, ila nasema hivi: zigeuze. Nyuma ya kila rimu tafuta jina la kiwanda, kipimo, na alama ya JWL, ambayo ni kiwango cha Wajapani kwa rimu za aluminiamu. Nakala ziko tele mjini, za RPF1 na za TE37, rimu nyingine maarufu ya Kijapani. Nakala nyingine huvaa kila kitu isipokuwa uzito, kwa hiyo nenda na mizani ya kuning'iniza. Kisha izungushe rimu kwenye mashine ya balansi ikiwa tupu, bila tairi, uone kama inacheza. Muuzaji akikataa hilo, ondoka.

Kwenye kufunga ndiko nilikopata shida, na hapa nazungumzia huduma. Tundu la katikati la RPF1 ni milimita 73, habu ya Altezza ni 60.1. Katikati panahitajika pete ya kujaza nafasi hiyo ili rimu ikae kwenye kitovu chake. Duka la kwanza waliniambia pete ni urembo, wakafunga bila pete, wakakaza nati kwa mashine ya upepo hadi zikalia. Balansi ilisomeka sifuri, lakini nilipofika Kibaha kwenye kasi ya 90 usukani ulitetemeka mkononi. Nikaenda kwa fundi mwingine ambaye kazi yake naiheshimu sana. Alifungua, akapima habu, akatafuta pete za 73 kwa 60, akafuta kutu kwa brashi ya waya, kisha akakaza kwa mkono kwa mpangilio wa nyota, akimalizia na spana yenye kipimo cha nguvu: Nm 103, kama Toyota wanavyotaka kwa nati za 12x1.5. Akanirudisha baada ya safari fupi ili azikaze tena. Mtetemo ukaisha siku hiyohiyo. Gari halikuwa na ugonjwa wowote, wala tairi.

Tairi nilichagua kwa mambo matatu, na mawili ya kwanza yameandikwa ubavuni. Kwanza umri: namba nne za mwisho wa alama ya DOT ni wiki na mwaka, kwa mfano 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi iliyokaa miaka dukani kwenye joto la Dar inakuwa ngumu hata kama nywele zake hazijakatika. Pili mzigo na kasi: za 225/45R17 mara nyingi ni 91 au 94, yaani kilo 615 au 670 kwa kila tairi, na herufi W ni kilomita 270 kwa saa. Kwa gari la kilo 1,300 na kitu hiyo inatosha na kubaki. Tatu, upatikanaji. Uwanjani tairi moja ikiharibika lazima upate ya pili inayofanana nayo, na 225/45R17 ni kipimo kinachopatikana Dar bila kuagiza.

Uwanjani nilianza na upepo wa psi 30 tairi zikiwa baridi. Baada ya mizunguko michache juani zilifika 36, nikapunguza hadi 34. Paka chaki kwenye bega la tairi kabla ya kuingia. Ukitoka, angalia chaki imefutika hadi wapi. Ikifutika kupita alama ndogo ya pembetatu begani, tairi inalala kwa ubavu, ongeza upepo. Chaki ikibaki juu ya kashata za pembeni, umejaza mno. RE003 inapiga kelele mapema kabla ya kuachia, na hilo nalipenda mno, kwa sababu inakuambia ilipofika. Kona ndefu za kulia zilikula bega la nje la tairi ya mbele kushoto. Nimefunga kipimo kimoja mbele na nyuma makusudi, ili niweze kuzihamisha. Anayeweka tairi pana zaidi nyuma anapoteza nafasi hiyo, na Altezza haina nguvu za kuhitaji hivyo.

Ukimaliza, rudisha upepo wa stika ya mlangoni kabla ya kushika barabara ya kurudi nyumbani, na upime tena asubuhi gari likiwa kivulini. Kupima mchana huku upande mmoja umepigwa jua kutakudanganya.

Kwenye mvua za masika, hasa ile ya kwanza inayochanganyika na vumbi na oili, zimenishikilia vizuri. Lakini 225 ni pana kuliko 215 na inapanda juu ya maji mapema kidogo, kwa hiyo sitangoja kina cha kashata kifike milimita 1.6 ndipo nibadilishe. Kikifika tatu nazitoa. Kasoro ninazoziona: mlio unaongezeka kadiri zinavyolika, na rangi ya fedha ya RPF1 inachubuka kwa kokoto. Pia zinalika upesi kuliko tairi ngumu za kawaida, jambo ambalo nililitegemea.

Kama barabara yako ya kila siku ni ya vumbi tupu, na uwanjani unaenda kwa nadra, ningekuambia uchukue 205/55R16 kwenye 6.5J au 7J. Kwenye gari langu rimu ya 16 imeingia bila kugusa kaliper ya breki, ila rimu hutofautiana, jaribu kwanza. Ubavu wake wa milimita 113 utakuhurumia wewe na shokapu. Wa Subaru Impreza wakumbuke kwamba nyingi ni matundu ya 100, siyo 114.3, na STI za kuanzia 2005 ndizo zilizohamia 114.3.

Spea tairi yangu ni hiyo 205/55R16, kipenyo milimita 632 dhidi ya 634 za sasa. Tofauti ni ndogo, lakini gari langu lina difu ya LSD nyuma (inayozuia gurudumu moja lisizunguke peke yake), na tairi zisizolingana huko zinaichosha. Pancha ikitokea nyuma, navua ya mbele naipeleka nyuma, na spea inakaa mbele mpaka nifike kwa fundi.