Tathmini ya Huduma: Data za Angahewa za ERA5

Kwa mtafiti wa tabianchi anayefanya kazi mahali ambapo vituo vya hali ya hewa ni vichache na kumbukumbu zake zina mapengo, data za ERA5, zinazotolewa bila malipo na kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, kupitia Copernicus, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kuchunguza dunia, ni hazina isiyo na washindani wengi. Huduma hii huunganisha vipimo vya satelaiti, maputo, meli na vituo vya ardhini na hesabu za kompyuta, kisha hueleza hali ya angahewa ya dunia nzima kwa kila saa tangu mwaka 1940, katika matabaka 137 yanayofika kimo cha takriban kilomita 80. Data mpya huchelewa siku tano hivi tu.

Kujisajili ni rahisi. Ugumu huanza baadaye, kwani mafaili ni makubwa, na asiyezoea kuandika programu atapata taabu kuyafungua, sembuse kuyachambua. Kasoro ya msingi zaidi ni kwamba kila mraba wa ramani una upana wa kilomita 31 hivi. Kwa hiyo kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895, husawazishwa pamoja na nyanda zinazokizunguka, na mvua ya miteremko yake isikubaliwe kabla ya kulinganishwa na vipimo vya ardhini. Kwa kuchunguza pepo za kusi na kaskazi juu ya Bahari ya Hindi ningeitumia bila kusita. Kwa shamba moja la kahawa huko Moshi, ningetafuta kwanza kipimamvua kilicho karibu.