Kuichangia gemu ikiwa bado wazo, au kuingoja itoke?

Mjadala huu hauishi barazani kwetu Michenzani.

Mimi nilichangia. Dola 30 kwa gemu ya mikakati ya vita, jina naliacha. Ilichelewa miaka miwili, na ilipofika, jeshi la kompyuta lilicheza vibaya kuliko mtoto anayefundishwa bao. Wa kumlalamikia sikumpata. Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha nilikochangia, haikati fedha lengo lisipofikiwa, lakini likifikiwa ndiyo umeshatoa, na wenyewe wanasema wao si duka. Upatu una nafuu: kijumbe unamjua mpaka mlango wake.

Jirani yangu hungoja. Anasoma maoni ya wachezaji, kisha ananunua Steam, duka la gemu la mtandaoni, ambako ukiomba ndani ya siku 14, na muda uliocheza haujafika saa 2, unarudishiwa fedha zako. (Saa 2 kwa gemu ya mikakati? Hapo bado unasoma maelekezo. Lakini si haba.)

Anachosahau ni kwamba pasipo wachangiaji, nyingine zisingezaliwa. Gemu iitwayo FTL iliomba dola 10,000 mwaka 2012, ikapata zaidi ya 200,000, na ikatoka mwaka huohuo. Anaipenda sana, na hakuichangia hata senti.

Kwa sasa niko upande wake. Nikichangia tena, itakuwa dola 5.