Cherehani za Zamani kwa Matumizi ya Nyumbani: Ipi Inunuliwe Kwanza

Cherehani ya chuma iliyotengenezwa miaka ya 1950, ikitunzwa vizuri, hupinda khanga kwa mshono ulionyooka na kukaza kuliko mashine nyingi mpya za bei nafuu, na ndiyo maana watu bado wanazitafuta minadani, kwa mafundi wanaofunga kazi na katika nyumba za wazee. Hata hivyo, anayetaka kuishonea, wala si kupambia sebule, hana budi kuuliza swali moja kabla ya kuvutiwa na nakshi za dhahabu: je, bobini (kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini), sindano na vipuri vyake vinapatikana kwa muuza vifaa vya ushonaji wa mtaani? Orodha hii imepangwa kwa kigezo hicho.

Nafasi ya kwanza naipa Singer 15K ya kukanyaga kwa miguu. Herufi K huonyesha kwamba ilitengenezwa katika kiwanda cha Kilbowie mjini Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Nguvu yake kubwa ni kwamba viwanda vya Japani na China viliunakili muundo wake, na Butterfly ya Shanghai, ambayo mafundi wetu wengi wameizoea, hutumia bobini na sindano za aina ileile. Kwa hiyo kikopo cha bobini kikipotea, hutalazimika kuagiza kingine ng'ambo. Ukikanyaga kwa miguu, mikono yote miwili hubaki huru kuongoza kitambaa, jambo linaloonekana wazi unapopinda pazia refu. Iwapo 15K inauzwa ghali kwa sababu ya jina lake, Butterfly iliyotumika ambayo haijaliwa na kutu ni chaguo zuri kabisa, nami ningeichukua bila kusitasita.

Usiinunue kabla hujaishonea. Nenda na sindano mpya, uzi wako na vipande vya kitambaa chepesi na kizito. Zungusha gurudumu la mkono kuelekea kwako ukisikiliza. Likiwa gumu, mara nyingi tatizo ni mafuta ya kupikia ambayo mwenye mashine aliyatumia badala ya mafuta ya cherehani, yakaganda kama gundi, na mafuta ya taa yakitiwa taratibu huyalegeza. Ugumu wa namna hiyo ni sababu ya kuomba upunguziwe bei. Kutu iliyochimba ndoano inayobeba bobini, au mhimili wa sindano unaochezacheza ukiutikisa kwa vidole, ni sababu ya kuondoka. Wakazi wa Tanga, Mombasa na Zanzibar wachunguze zaidi upande wa chini wa kichwa cha mashine, kwa maana hewa ya chumvi huanza kula mahali ambapo rangi ya juu haionyeshi.

Ya pili ni 99K ya kuzungusha kwa mkono, ambayo ni ndogo, hukaa juu ya meza ya kawaida na humfaa mtoto anayejifunza, kwa kuwa haimkimbii. Bobini yake hudumbukizwa kutoka juu na ina mashavu yaliyobinuka kidogo. Ile bapa ya 15K isilazimishwe humo, hata kama ukubwa unakaribiana.

Kwa ufundi pekee, 201K ingekuwa ya kwanza. Ndoano yake huzunguka duara kamili, huendeshwa kwa gia za chuma, na utulivu wake mtu huusikia tangu mshono wa kwanza. Nimeishusha hadi nafasi ya tatu kwa sababu vipuri vyake ni adimu, na kwa sababu 201K2 ina mota yake maalumu iliyoungwa moja kwa moja na mashine, ambayo ikiungua haibadilishwi kwa mota ya kawaida ya mkanda.

Ya nne ni 28K au 128K, zenye bobini nyembamba ndefu inayokaa ndani ya chombo kinachokwenda mbele na nyuma. Ni nzuri mno kutazama zikifanya kazi, lakini chombo hicho kikikosekana, usilipe.

Zote hizi hushona mshono mnyoofu pekee, hivyo fulana na vitambaa vinavyovutika vitakatika uzi. Hitaji la zigizaga, yaani mshono wa kwenda kushoto na kulia, ndilo huwapeleka wengi kwenye mashine za umeme za miaka ya 1960 na 1970, ambazo naziweka mwisho, kwa sababu nyingi zina gia za plastiki zinazopasuka kwa uzee.

Mashine yoyote ya umeme ikaguliwe nyaya kabla ya kuchomekwa: mpira wa zamani hukauka na kumenyeka, na mota iliyotengenezwa kwa volti 110 za Marekani huungua ikiunganishwa na umeme wetu wa volti 230 au 240. Ukimaliza kushona, chomoa waya, kwani kanyagio za kale hupata moto.

Mwisho, mkatae muuzaji anayepandisha bei kwa madai ya zebaki nyekundu, kitu cha kubuniwa kinachodaiwa kuwa na thamani kubwa na eti kufichwa ndani ya cherehani kuukuu. Mwaka 2009 uvumi huo ulienea Saudi Arabia, na ikaripotiwa kuwa Singer kuukuu zilitakiwa kwa makumi ya maelfu ya riyali, watu wakizipima kwa kuzisogezea simu za mkononi. Hakuna zebaki ndani ya cherehani. Kuna chuma, mafuta na vumbi la nyuzi.