Audacity kama karakana ya sauti za ngoma

Wengi huifahamu Audacity kama programu ya kukatia mahojiano, lakini kwa anayetaka kuunda sauti zake mwenyewe za ngoma kutokana na vitu vya kila siku, programu hii, inayotolewa bure tangu mwaka 2000, inafaa kuliko inavyodhaniwa.

Niliijaribu kwa ngoma ya mguu, yaani ile ngoma nzito ya besi inayopigwa kwa kanyagio. Nilirekodi ngumi ikitua kwenye godoro, kijiti kikavu kikivunjika na kokoto zikikanyagwa, kisha nikazipandanisha rekodi hizo tatu. Godoro ndilo lililobeba uzito, nikalichuja libaki na sauti za chini ya hezi 120 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde); kijiti kilitoa mlio mkali wa mwanzo, ambao ukikosekana ngoma haisikiki kwenye spika ya simu; kokoto nilizipunguza mpaka zikabaki mkwaruzo wa mbali. Besi ilikuwa bado haijatosha, hivyo nikaiagiza programu izalishe mlio unaoteremka kwa kasi kutoka hezi 150 hadi 50.

Ajabu ni kwamba tabaka zote zilipolia pamoja, besi ilizidi kuwa nyembamba. Nilipoikuza picha ya mawimbi nikaona wimbi la godoro linapanda pale pale ambapo wimbi la ule mlio linashuka. Kwenye hezi 60, tabaka moja likichelewa kwa takriban milisekunde 8 tu, mawimbi hayo mawili hukaribia kufutana. Nikalisogeza la godoro kidogo kidogo hadi vilele vikakutana, na papo hapo ngoma ikajaa kifua. Kuweza kuliona kosa kwa macho na kulirekebisha kwa kipimo kidogo namna hiyo ndiko kunakonifanya niipendekeze kwa moyo wote.

Snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali wa kukwaruza, haikunichukua muda: kitambaa kibichi kilichopigwa sakafuni, pamoja na majani makavu yaliyofinyangwa karibu na maikrofoni. Tangu toleo la 3.2, baadhi ya madoido ya sauti hurekebishwa huku sauti ikiendelea kulia, na kwa kazi ya tabaka hiyo ni nafuu kubwa.

Isichukuliwe, hata hivyo, kuwa chombo cha kupigia midundo. Sauti zikikamilika huhifadhiwa kama faili za WAV na kupelekwa kwenye programu nyingine. Mimi nilihifadhi ngoma ile ile mara nne, kila moja na kijiti chake, kwa kuwa hakuna vijiti viwili vinavyovunjika kwa mlio mmoja.